Mizinga ya Babu

Nyumbani kwa bibi yangu Kiingereza huachwa mlangoni pamoja na viatu. Ndiyo maana mimi, msichana wa mtaa wa La Rochelle hapa Johannesburg ambaye majirani wananijua kwa kelele za Kizulu, nina Kiswahili cha kuombea chapati. Wenzangu wa kanisani waliozaliwa hapa wanakielewa wakitumwa dukani, lakini ukiwauliza swali wanakujibu kwa lugha ya barabarani. Mimi nikimjibu Bibi hivyo, sahani yangu inarudi kabatini. Lugha yangu imejengwa na njaa, na msingi wake ni imara.

Babu ni mtu wa hapahapa Johannesburg, wa Alexandra. Alitoroka nchi akiwa kijana ili akajifunze kupigana na wakubwa wa enzi zile za ubaguzi wa rangi. Akavuka mipaka kwa miguu na kwa malori, akafikia kambi moja mkoani Dodoma. Huko alipewa sare, akafundishwa kulenga shabaha, akaambiwa angoje zamu yake ya kurudi vitani. Zamu haikufika. Katika kungoja kwake wakampa kazi ya nyuki. Akawatunza nyuki wa kambi miaka na miaka, akaoa binti wa Kigogo wa kijiji cha jirani, na nchi ilipofunguka akarudi nyumbani na mke, watoto wawili na Kiswahili. Bunduki hakurudi nayo.

Mambo haya hayakuwa siri. Tatizo lake ni kwamba hayakuwa na soko.

Mwaka 2017, nikiwa darasa la kumi, mwalimu wa historia alitaka kila mmoja wetu asimulie habari za shujaa wa ukoo wake. Eish. Niligundua kwamba nasoma na wajukuu wa jeshi zima. Babu wa huyu alilipua reli. Babu wa yule aliwaponyoka polisi kwa kuvaa gauni la shangazi yake. Hakuna babu aliyepika. Hakuna babu aliyefua soksi za wenzake. Kama kweli walikuwa wengi hivyo na wakali hivyo, vita vile vingeisha Ijumaa jioni na Jumamosi watu wakaenda zao mpirani. Ilipofika zamu yangu nikasema babu yangu alifuga nyuki. Mwalimu akaniambia nikae, mzaha una wakati wake. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule nasimama darasani bila mzaha.

Nilipomsimulia Babu hakucheka. Yeye naye aliwahi kukalishwa namna hiyo, na mimi nilikuwepo. Mwaka uliotangulia nilimsindikiza kwenye ofisi moja huko Marshalltown walikokuwa wanawahoji wapiganaji wa zamani ili watambuliwe. Foleni ilikuwa ndefu, imevaa madoadoa ya kijeshi kuanzia kofia hadi viatu. Mbele yetu alisimama mpiganaji wa zamani mwenye meno yote na simu mpya. Kwa hesabu yangu, vita vinakwisha yeye alikuwa bado anafundishwa kufunga kamba za viatu. Akaeleza alivyokaa msituni miaka kumi. Karani akawa anaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akaja Babu na koti lake la Jumapili, akaulizwa alikuwa kitengo gani. Nyuki, akasema. Karani akamwomba arudie. Akarudia. Karani akamweleza polepole, kama anayesema na mgonjwa, kwamba ofisi ile inahudumia wanajeshi.

"Mimi ni mwanajeshi," Babu akasema.

Karani akamwita anayefuata.

Tukiwa tunangoja teksi ya kurudi, Babu aliniambia anachotaka. Hakusema pesa, ingawa wangempa asingezitupa. Alitaka mtu mmoja mwenye cheo asimame mbele za watu aseme, huyu alikuwa mwanajeshi. Mara moja tu, kabla hajafa. Alipomaliza kusema akatazama pembeni, nami nikajifanya nasoma bango la mganga anayerudisha wapenzi waliopotea.

Kumbe wakati karani anamshusha, mkewe alikuwa ameshampandisha cheo mitaa michache tu kutoka pale.

Bibi husali na Wakongo. Kanisa lao liko katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo zamani lilikuwa la bima na sasa chini yake wanauza mablanketi ya jumla. Lifti ilikufa kabla sijazaliwa, hivyo anayefika ibadani anafika akiwa ameshatubu. Siku moja, kwenye mkutano wa akina mama, kila mmoja alikuwa anamsifu mume wake. Wa huyu ni mlinzi kwenye maduka makubwa, ana redio ya mkononi. Wa yule ana saluni, ana viti vinavyozunguka. Ikafika zamu ya Bibi. Akasema, kwa unyenyekevu wa Kigogo, yaani bila unyenyekevu wowote:

"Wangu kule kambini alikuwa na mizinga. Mingi. Akiamka asubuhi, kabla hajanisalimia mimi, anaizungukia mizinga yake kwanza."

Wewe msomaji wa Dodoma au Tabora umeshaona asali. Lakini wale mama ni wa Uvira, wa Fizi, wa Bunia. Walihama makwao na watoto mgongoni kwa sababu ya mizinga, na walikotoka neno hilo halina utamu wowote. Mama mmoja wa Fizi akainuka, akampa Bibi kiti chake chenye mto. Tangu siku hiyo Bibi akawa wa mstari wa mbele, chini ya feni pekee inayozunguka.

"Bibi, walidhani mizinga ya kulipuka," nilimwambia habari iliponifikia.

"Mimi nimesema uongo wapi? Mizinga ni mizinga."

"Lakini unajua walichoelewa."

"Kuelewa ni juu ya mwenye masikio. Kunja nguo hizo."

Habari ikapanda ngazi mpaka kwa mchungaji. Huyu ni mtu wa Uvira, mrefu, mwema, mwenye koo la kuhubiri hata umeme ukikatika. Ana ugonjwa mmoja tu: ukimpa habari, hairudi kwako kabla haijanenepa. Akatangaza kwamba mwezi wa Septemba, ambapo nchi hii huukumbuka urithi wake kwa kuchoma nyama, kanisa litamheshimu mkuu wa mizinga ambaye taifa limemsahau. Diwani ataalikwa. Kila siku wenyeji wanatuuliza tunarudi lini kwetu, mchungaji akasema. Basi waje waone tunavyomtukuza mwenyeji wao kuliko wanavyomtukuza wenyewe.

Babu alikuwa wa mwisho kujua. Alijua siku alipokuja fundi cherehani wa kanisa, mama wa Bukavu mwenye futi ya kupimia shingoni na pini midomoni.

"Papa, nyoosha mukono," akasema.

Babu akanyoosha. Ni mtu mtiifu mbele ya yeyote mwenye pini. Akapimwa mabega, akapimwa kifua, na futi ilipofika kiunoni ndipo akauliza nguo hiyo ni ya nini. Fundi akamjibu kwamba mukubwa wa mizinga hawezi kupokea heshima kwa koti la kutokea msibani. Mizinga yenyewe ataitarizi mabegani, mmoja huku, mmoja huku, kwa uzi wa dhahabu, bure kabisa.

"Mizinga ipi?" Babu akauliza.

Bibi akaita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari.

Fundi alipoondoka Babu akasema haendi. Hakufoka, maana katika nyumba ile nafasi ya kufoka ina mwenyewe. Alisema tu kwamba haendi kuheshimiwa kwa kitu ambacho hakukishika. Bibi akamwacha amalize, akampakulia, kisha akamwambia kwamba yeye ndiye anayelala na kuamka akinung'unika kuwa hakuna mwenye cheo aliyewahi kumwita mwanajeshi. Sasa diwani si mwenye cheo? Diwani atasimama mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Sikwambii useme uongo," Bibi akasema. "Nakwambia unyamaze. Kambini ulinyamaza miaka yote ile, leo ibada moja inakushinda?"

Babu akamega tonge. Unga ni ule ule, Bibi anauita ugali, Babu anauita pap, na hilo ndilo suala pekee ambalo walishakubaliana kutokubaliana.

"Mizinga ile aliichonga baba yako," akasema.

Bibi akainuka. Alikwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa. Mwisho Babu akakubali kwenda, akae, asiseme kitu. Mimi nikapewa kazi ya kumtafsiria diwani, kutoka Kiswahili kwenda Kizulu, kwa kuwa diwani hakijui Kiswahili na Kiingereza cha mchungaji kina mazishi mengi ndani yake, maneno yanafia njiani. Babu akanivuta kando, akaniambia: "Usiniongezee, wala usinipunguzie." Nikamwambia sharp, Babu, yaani sawa. Sikufikiri.

Nilikuja kufikiri Jumapili yenyewe, ndani ya teksi, tumesimamishwa na robot nyekundu, yaani taa za barabarani. Binamu yangu wa Dar aliniambia kwao kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela. Ongeza ule wa asali, ongeza ule wa kulipuka: neno moja, kazi tatu, kama baba wa Kikongo mwenye ulinzi, unyoaji na uongozi wa kwaya. Kwa Kiswahili neno hilo lilikuwa mwavuli. Babu, Bibi, mchungaji na kanisa zima walikuwa wamesimama chini yake na hakuna aliyelowana. Lakini Kizulu hakina mwavuli huo. Mizinga ya kulipuka ni ombayimbayi, nyuki ni izinyosi, na tangu dunia iumbwe hakuna Mzulu aliyechanganya. Na mtu wa kuchagua nilikuwa mimi, mtu ambaye nyumbani haaminiwi hata kushika rimoti.

Tulipofika, sare ikamfikia Babu mlangoni. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, mabega mapana kama kabati. Mizinga ya dhahabu ilikaa juu ya mabega na ilifanana zaidi na birika. Si kosa la fundi. Alitarizi kama alivyokumbuka, naye mizinga aliiona akiwa anakimbia.

Diwani alichelewa, akaingia akihema kwa ngazi, simu mbili mkononi. Nyuma yake alifuata mpiganaji wa zamani mwenye madoadoa, wa aina ile ile ya Marshalltown, kijana kuliko mama yangu. Akapewa kiti cha mbele. Diwani akamshika Babu mkono na kumuuliza kwa Kiingereza cha polepole amekaa Afrika Kusini muda gani, na kama watu wanamtendea vizuri.

Babu akamjibu kwa Kizulu cha Alexandra kwamba yuko hapa tangu azaliwe, isipokuwa pale alipotoka kidogo kwenda kumpigania yeye.

Diwani akacheka, akakaa, akaangalia simu ya kwanza, kisha ya pili.

Mchungaji akaanza. Alieleza kijana aliyeacha mama yake na kuvuka mito. Nikatafsiri. Akaeleza kambi, jua, njaa, kungoja. Nikatafsiri. Akaeleza kwamba mzee huyu alikuwa na kitu ambacho adui akikikaribia alirudi mbio akilia. Nikatafsiri na hilo, na mpaka hapo, ukitazama vizuri, hakuna aliyedanganya. Pembeni vijana wa kwaya walikuwa wamesimama na ngoma kubwa na pipa la chuma. Juma zima walikuwa wamefanya mazoezi ya kumpigia Babu mizinga ishirini na moja, kama wanavyopigiwa marais.

"Ndugu zangu," mchungaji akasema, "huyu alikuwa mwanajeshi wa mizinga!"

Kipaza sauti kikaja kwangu.

Mdomo wangu umeshanitoa darasani mara nyingi kwa kukataa kufungika. Pale ulijifunga wenyewe. Diwani alikuwa ameinua uso, anangoja. Nikamwangalia Bibi: macho yake yalikuwa yanasema ombayimbayi, na Kizulu chake si kizuri. Nikamwangalia Babu. Alikuwa anatazama birika lililoko begani mwake. Nikiwapa watu wa kanisa neno lao, diwani atainuka na kusema lile Babu alilolingoja tangu nchi ifunguke. Lilikuwa limebaki hatua moja kutoka mdomoni. Nikisema lile lingine, basi ni Marshalltown tena, safari hii mbele ya kanisa zima na kwa uzi wa dhahabu.

Babu akasimama. Hakupaza sauti.

"Waambie nyuki," akasema.

Nikasema izinyosi.

Diwani akacheka peke yake, akidhani ulimi wangu umeteleza. Vijana wa ngoma, ambao walikuwa wameambiwa wangoje kimya kikubwa, wakaona kimya kikubwa ndicho hiki. Wakapiga mmoja. Jengo zima likaitika, kisha wakatazamana na kuacha.

Babu akaja karibu na kipaza sauti, akaanza kusema, nami nikawa nafuata nyuma yake kwa Kizulu. Alisema ile mizinga ilikuwa magogo yaliyotobolewa. Aliichonga baba mkwe wake, mzazi wa mama huyu aliyekaa mbele. Yule mzee alifika kambini akawakuta vijana wa mjini wanakula ugali na chumvi, wanakohoa, vidonda havifungi na dawa haijafika. Akawatundikia mizinga kwenye miti yake mwenyewe, asali ikawa chakula na dawa ya vidonda. Akamfundisha yeye, mtoto wa Alexandra, ambaye nyuki alikuwa amemwona kwenye chupa ya jamu tu.

"Yeye hakupewa sare hata siku moja," Babu akasema. "Mkiifanya mizinga yake kuwa ya kuua, mtakuwa mmemnyang'anya. Na mimi nimekula kwake."

Bibi alikuwa anaitazama feni kana kwamba anangoja iseme kitu. Mchungaji, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amebaki na habari nyembamba mkononi. Ndipo yule mama wa Fizi aliyetoa kiti chenye mto akasimama.

"Papa, mizinga yako iliua watu wangapi?"

"Hakuna, mama."

"Hata mmoja?"

Babu akafikiri. Ni mtu wa haki hata pale ambapo haki haimsaidii.

"Kuua, hapana. Ila kamanda wetu alivimba midomo, siku nzima hatukupata amri."

Mlinzi mmoja kule nyuma akaanza kucheka, kicheko kikakamata benchi lake, kikaja mbele kama moto wa nyasi. Yule mama hakucheka. Alingoja kwanza wamalize.

"Basi huyu ndiye mwanajeshi wa kuheshimiwa," akasema. "Wale wengine tunawajua."

Nilitafsiri hilo taratibu, neno kwa neno, nikimtazama mpiganaji wa zamani mwenye madoadoa. Akapata kazi ya kukagua kamba za viatu vyake. Angalau kufunga alikuwa ameshajifunza.

Ikawa zamu ya diwani. Sijui kama alielewa lolote. Alisimama, akafungua simu ya pili, akasoma hotuba ambayo mtu alimwandikia tangu katikati ya juma, na kwa kuwa ilikuwa imeshaandikwa hakuweza kuibadilisha. Akashukuru ndugu zetu wa Kongo. Akasifu nyama za kuchoma. Halafu akasoma, kwa Kizulu kizuri, bila kuinua macho: leo tunamheshimu mzee huyu, ambaye alikuwa mwanajeshi.

Niligeuka kutafsiri, nikamwona Babu amefumba macho. Kwa hiyo nikaisema mara mbili, kwa Kiswahili na tena kwa Kizulu, iingie kwa lugha zake zote.

Mchungaji akapona hapohapo. "Mizinga ipigwe!" akaamuru.

"Ipi?" akauliza mpiga ngoma.

Hapo hata mchungaji alishika meza. Watu walikuwa bado wanajifuta machozi Bibi alipoinuka kwenye kiti chenye mto na kumnyooshea Babu kidole, mbele ya diwani na simu zake.

"Na nta je?" akasema. "Umesema asali, umesema vidonda, nta umeiacha. Nani aliwapa nta ya kupaka viatu mvua isiingie? Si baba yangu? Mwambie na huyo wa simu, asije akaondoka na nusu."

Nikamwambia huyo wa simu. Kisha ngoma zikapigwa, ishirini na moja na nyingine kadhaa juu yake, maana wale vijana walikuwa wanacheka na kupoteza hesabu, na muuza mablanketi wa chini akapanda ghorofa tatu kuja kuuliza kama jengo linabomolewa.

Fundi aliichukua ile sare akafumua mizinga na kutarizi nyuki, mmoja huku, mmoja huku. Nyuki wenyewe wametoka kama nzi walioshiba. Babu anaivaa akienda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Watoto wa mtaani wakimuuliza yeye ni polisi wa nzi, anawaambia yeye ni mwanajeshi, na anayebisha akamuulize diwani.